Toshiko Akiyoshi: mama wa Kijapani aliyepanga muziki wa bendi nzima, na wengi wetu hatujawahi hata kumsikia

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kuna jambo limenikaa kifuani wiki tatu sasa na hapa kazini hakuna wa kuongea naye mambo haya, kwa hiyo nalileta kwenu. Ni refu, mwenye haraka apite atarudi.

Mimi napiga kinanda kanisani, Mbeya, na ndo natoa sauti kwenye kwaya yetu, yaani mtu akileta wimbo nakaa nao naupangia sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Nikisikiliza muziki wowote sikio langu haliendi kwa anayeimba mbele, linaenda kwa wale wa nyuma, nani kapewa nini na kwa nini. Shikeni hilo maana uzi wote umeanzia hapo.

Wapenzi wa jazi ya Kijapani wengi tumeingilia mlango mmoja, albamu ya Scenery ya Ryo Fukui, ile ya 1976. YouTube iliisambaza dunia nzima miaka ya karibuni, ukifungua muziki wowote wa piano haukai muda inakuletea. Na Fukui anastahili kabisa, mtu wa Hokkaido, kaanza piano akiwa na miaka 22 na kajifundisha mwenyewe, kapiga maisha yake Sapporo hadi alipofariki 2016. Nilikaa naye miezi. Siku moja nimeiacha simu inacheza yenyewe nikiwa napiga pasi, ukaingia wimbo unaitwa Long Yellow Road. Nikazima pasi.

Nilichosikia ni saksafoni tano zinatembea pamoja, lakini sio kama wanavyofanya bendi nyingi kwamba wote wanafuata ya juu kama watoto wanamfuata mama sokoni. Hapana, kila moja ilikuwa na njia yake. Ukiikamata ya tatu peke yake ukaifuata, ina wimbo wake kamili, ina kupanda na kushuka, ina mahali pa kupumua. Mnaotoa sauti mnajua ugumu wake. Sauti ya pili kwenye kwaya nyingi ndo inapewa mabaki, inakaa noti moja mistari miwili mizima, na wanaoiimba wanachoka kabla ya Krismasi. Huyu aliyeandika hapa hajampa mtu mabaki. Nikaangalia jina: Toshiko Akiyoshi. Nikadhani ni mwanaume. Kumbe ni mama.

Nikaanza kumtafuta. Kazaliwa Desemba 12, 1929, Liaoyang, Manchuria, sehemu ya China iliyokuwa mikononi mwa Wajapani wakati ule, mtoto wa mwisho kati ya mabinti wanne. Piano kaanza kama miaka 7, piano ya kizungu ya madarasani. Vita ikaisha Japani imeshindwa, familia ikapoteza kila kitu ikarudishwa Japani mikono mitupu, wakafikia Beppu, mji wa chemchemi za maji moto kwenye kisiwa cha Kyushu. Nyumbani piano hakuna. Ana miaka 16, akapata kazi ya kupiga piano kwenye ukumbi wa dansi. Nyumbani walitaka asome udaktari. Hapo Beppu mtu mmoja mkusanyaji wa santuri akampigia Sweet Lorraine ya mpiga piano Teddy Wilson, na udaktari ukaishia hapo.

Akahamia Tokyo, akawa na kikundi chake. Mwaka 1953 mpiga piano maarufu Oscar Peterson akiwa ziarani Japani akamsikia kwenye klabu ya Ginza, hapohapo Tokyo, akaenda kumwambia promota wake Norman Granz kwamba huyu lazima arekodiwe. Na kweli akarekodiwa Novemba hiyohiyo, na wapigaji wa msafara wa Peterson wenyewe: Herb Ellis gitaa, Ray Brown besi, J.C. Heard ngoma. Msichana wa miaka 23! Sikilizeni mkono wa kulia humo, ni mpiga piano Bud Powell mtupu, alimpenda Bud Powell kupita kiasi na hajawahi kuficha.

Januari 1956 akaingia Boston, Marekani, kwenye shule ya muziki ya Berklee, kwa ufadhili kamili, Mjapani wa kwanza kusoma pale. Na hapa ndo panaponiuma. Wamarekani walimpokea kama kioja. Walimpeleka kwenye What's My Line, kile kipindi cha TV cha kubahatisha mgeni anafanya kazi gani, maana nani angedhani mwanamke wa Kijapani anapiga jazi. Alikuwa anapanda jukwaani na kimono. Yeye mwenyewe ameeleza baadaye kwamba magazeti yalimwandika sana miaka ile kwa sababu alikuwa kitu cha ajabu machoni mwao, sio kwa sababu walikuwa wanamsikiliza.

Ngoja nipumzishe vidole, naendelea na habari ya bendi yenyewe.

#2

Naweka kambi hapa. Shusha vitu mkuu.

#3

Mkuu ahsante kwa uzi, ila swali. Huyu mama mbona nasikia ana heshima kubwa tu huko duniani? Ametajwa Grammy mara kibao. Unasemaje wengi hatumjui?

#4 (mleta uzi)

Swali zuri na ndo nilikuwa naelekea huko.

Ametajwa Grammy mara 14. Hajashinda hata moja. Mara 14 mkuu. Kura za jarida la Down Beat alizishinda, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza kwa utunzi na upangaji wa muziki kwenye kura za wasomaji. 2007 serikali ya Marekani ikampa tuzo ya NEA Jazz Master, ambayo kwa jazi ndo heshima ya juu kabisa kule. Kwa hiyo wanamuziki wanamjua na wahakiki wanamjua. Asiyemjua ni mimi na wewe, mtu wa kawaida anayesikiliza kwa simu, na hilo lina sababu zake.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 60 alihangaika. Aliolewa na mpiga saksafoni Charlie Mariano, wakapata binti, Michiru, 1963, ndoa ikavunjika. Alipiga na mpiga besi Charles Mingus 1962. 1967 akakodi ukumbi wa Town Hall New York afanye onyesho la utunzi wake. 1969 akaolewa na Lew Tabackin, mpiga saksafoni na filimbi, na 1972 wakahamia Los Angeles kwa sababu Tabackin alikuwa kwenye bendi ya kipindi cha Tonight Show na kipindi kilihamia huko. Los Angeles ilikuwa imejaa wapigaji hatari wanaokula kwa kurekodi matangazo na filamu, watu wanaosoma nota ngumu mara moja tu lakini hawana pa kupiga muziki wa maana. 1973 wakawakusanya, watu 16. Nota zote anaandika mama. Sio nyingi, ZOTE. Utunzi wake, upangaji wake.

Albamu ya kwanza, Kogun, 1974. Ikarekodiwa kwa ajili ya kampuni ya Japani, ikatoka Japani, na Marekani ilikuja kufika 1978. Ndo mtindo ukawa huo, bendi iko California lakini santuri zinauzwa Tokyo. Mtu wa Chicago akiitaka anaagiza ng'ambo. Baadaye wakaanzisha hata lebo yao wenyewe, Ascent, mambo yaende. Mpaka 2008 ndo kampuni ya Mosaic wakakusanya albamu tano kati ya zile za studio za miaka ya 70 kwenye CD tatu, na Mosaic hutoa nakala za kuhesabu. Fukui kabebwa na YouTube mpaka Mbeya, huyu mama alibaki kwenye makabati ya wakusanyaji.

Na sababu ya pili ni kazi yenyewe. Anayepanga muziki haonekani. Ukisikiliza bendi unasikia tarumbeta inalia mbele unasema yule jamaa noma, hujiulizi nani alimtandikia yale mawimbi anayoelea juu yake. Kwenye kwaya yangu ni hivyohivyo, waumini wanampongeza anayeongoza shairi.

#5

Kwanza nimefurahi kuona uzi wa jazi hapa. Kwetu ukimtamkia mzee neno jazi anawaza magitaa, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Na Japani ipo humo humo, Morogoro Jazz walikwenda Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70 wakiiwakilisha Tanzania, na Mbaraka akautungia wimbo. Marehemu baba alikuwa nao ule wimbo.

Sasa nielekeze, mimi ni mgeni kabisa wa hii jazi ya saksafoni nyingi. Nianze na ipi?

#6 (mleta uzi)

Mkuu Expo 70 umenikumbusha mbali sana, ahsante.

Anza na Long Yellow Road, wimbo, halafu albamu yenye jina hilo, 1975. Wimbo wenyewe ni wa zamani, aliurekodi kwanza kwenye kikundi cha watu wanne mwaka 1960. Jina linatokana na zile barabara za vumbi la njano za Manchuria alikokulia, na pia rangi yake, Mwasia kwenye muziki ambao watu walimwambia sio wa kwenu.

Ukimaliza hapo nenda Kogun. Hii naomba utumie hedifoni na sio spika ya simu, maana spika ya simu haitoi besi kabisa na utakuwa hujasikia kitu. Mwaka ule 1974 ndo alitoka msituni Ufilipino yule askari wa Kijapani aliyekaa miaka karibu 30 hajui kwamba vita imeisha, bado anatii amri. Mama kamwandikia wimbo. Kogun maana yake ni kama jeshi lililobaki peke yake. Unaanza unasikia ngoma ya tsuzumi, ile ndogo ya begani ya Noh, maigizo ya kale ya Kijapani, na wale watu wa Noh wanavyoita sauti, wanaivuta, inakatika. Chini ya hiyo bendi inaingia taratibu, na Tabackin anapuliza filimbi kwa pumzi nyingi kama filimbi ya mianzi ya kwao Japani.

Kilichonifanya nimheshimu ni kwamba hakubandika. Wengi wakitaka muziki wao uonekane wa asili wanachukua ngoma ya kienyeji wanaiweka mwanzoni sekunde 20 kama pambo, halafu wanaendelea na mambo yao. Kwake ile tsuzumi inavuta muda kivyake, haina mwendo wa kuhesabu moja mbili tatu nne, na bendi ina mwendo wa kuhesabika, na ameviacha vyote viwili vikae pamoja bila mmoja kumlazimisha mwenzake. Nimejaribu kuandika kwa penseli jinsi zinavyopishana, jioni tatu, nimefika dakika ya pili.

Amesimulia kwamba Duke Ellington, yule kiongozi mkubwa wa bendi za jazi, alipofariki 1974 alisoma makala ya mwandishi Nat Hentoff iliyoeleza jinsi muziki wa Ellington ulivyojivunia watu wake weusi, na yeye akajiuliza urithi wake mwenyewe uko wapi kwenye muziki wake. Akaacha kuona Ujapani wake kama upungufu kwenye jazi, akaanza kuuona kama kitu cha kuleta mezani. Yule aliyevishwa kimono ili watu washangae, sasa kaleta Japani kwa masharti yake.

#7

Kama mwanamke niliyewahi kupiga tarumbeta shuleni, hii imenigusa. Nilikuwa peke yangu na kila onyesho walitaka nisimame mbele nipigwe picha, halafu nikirudi mazoezini nota za kuongoza wanapewa wenzangu. Kwa hiyo naielewa ile habari ya kimono bila kuelezwa. Huyu aliongoza wanaume wa studio miaka ya 70 na wakamsikiliza? Aliwezaje?

#8 (mleta uzi)

Pole dada, na ahsante kwa kusema.

Nijuavyo mimi jibu liko kwenye nota zenyewe. Wale jamaa walikuwa wanalipwa vizuri studio kupiga vitu vya kitoto, hapa walikuwa wanakuja kupiga vitu vinavyowatoa jasho. Wapiga saksafoni wake alikuwa anawabadilishia vyombo katikati ya wimbo, dakika hii saksafoni, dakika hii filimbi, klarineti, klarineti ya besi, mpaka unadhani kuna watu wengine wameingia chumbani. Mpigaji mzuri akipewa kitu kinachomhitaji kweli anarudi wiki inayofuata. Bendi ile walidumu nayo, na waliporudi New York 1982 akaunda nyingine upya, ikaenda mpaka 2003. Miaka 30 ukijumlisha. Miaka ya mwisho walikuwa na Jumatatu zao klabu ya Birdland. Alipoifunga alisema anataka kurudi kwenye piano yake. Anaonekana mpole ukimtazama kwenye video, kibibi kidogo, akinyoosha mkono mmoja tu tarumbeta nne zinanyamaza kwa mkupuo.

Sasa niingie kwenye kazi ambayo ndo hasa ilinifanya nifungue uzi. Albamu inaitwa Insights, 1976. Wahakiki wa Down Beat waliichagua albamu ya mwaka 1978. Upande wa pili wote wa santuri ni kitu kimoja, Minamata, zaidi ya dakika 20.

Minamata ni mji wa wavuvi, Kyushu hukohuko alikofikia na familia yake baada ya vita. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kinamwaga maji machafu yenye zebaki kwenye ghuba tangu 1932 mpaka 1968. Zebaki ikaingia kwenye samaki na kome, watu wakala. Kwanza paka walianza kuyumba kama wanacheza, wanajitupa baharini. Halafu watu, mikono inatetemeka, hawaoni vizuri, hawaongei vizuri, watoto wanazaliwa wameathirika tayari. Ugonjwa ulitangazwa rasmi Mei 1956. Kiwanda kiliendelea kumwaga miaka 12 mingine baada ya hapo.

Kazi ina sehemu tatu: kijiji kikiwa na amani, neema na matokeo yake, halafu tamati. Inafunguliwa na sauti ya mtoto wa kike peke yake. Ni Michiru, binti yake, bado mdogo kabisa. Hakuna chombo chini yake. Halafu bendi inaingia na mambo ya maendeleo, swingi ya nguvu, tarumbeta zinang'aa, yaani ni furaha kweli, ni muziki mtamu haswa, na hapo ndo kuna ukali wake maana unajikuta unatikisa kichwa kwa furaha ya kiwanda. Kisha polepole sauti zinaanza kugandana, tromboni zinakaa chini kwenye noti ambazo zinakwaruzana, na mwisho inarudi sauti ya Noh, mtu mzima sasa, inalia.

Nilikuwa peke yangu sebuleni, saa tano usiku. Sikuweka wimbo mwingine baada ya huo.

#9

Mimi niko Chunya. Nimesoma uzi wote kimya ila hapo kwenye zebaki nimeshindwa kupita.

Sisi huku tunachenjua dhahabu kwa zebaki. Mjomba wangu amefanya miaka zaidi ya 20. Anaimimina kwenye beseni la mchanga uliooshwa, anachanganya kwa mkono mtupu, inakamata dhahabu, anaikamua kwa kitambaa cha shati mpaka kinabaki kidonge cheupe, kisha anakichoma kwenye kibati. Watoto wanakuwa pale pale. Sikuwahi kujua kama kuna mtu ameutungia muziki huu mkasa. Ni zebaki ileile?

#10 (mleta uzi)

Ndugu, nashukuru umeandika. Zebaki yenyewe ndo hiyohiyo ila njia tofauti. Ya kiwandani kule ilitoka ikiwa tayari imegeuka ile aina inayoingia kirahisi mwilini mwa samaki. Ya kwenu hatari ya kwanza ni ule moshi wakati wa kuchoma, unaingia kwenye mapafu, na wanaosimama karibu wanavuta sawa na anayechoma. Halafu ile inayobaki kwenye maji na mchanga, vijidudu vya kwenye matope vinaigeuza polepole kuwa ile ya Minamata, na samaki wanaibeba. Hata mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa Japani 2013, unaitwa Mkataba wa Minamata, na Tanzania imo. Kuna vifaa vya kuchomea vilivyofunikwa vinavyorudisha ile zebaki badala ya kuiachia hewani, muulizie mjomba kama kwenye mwalo wenu vipo. Angalau watoto wasogezwe leo hii.

#11

Jamani nimeisikiliza hiyo Minamata sasa hivi kwenye daladala. Sijui nisemeje. Kituo nimekipita.

#12

Swali dogo kwa mleta uzi, bado yuko hai? Na baada ya Minamata aliandika tena kitu cha namna hiyo?

#13 (mleta uzi)

Mwaka 2024 alitimiza miaka 95.

Na ndiyo, aliandika. Alifuatwa na mtawa mmoja wa Kibudha kutoka Hiroshima akiomba aandike kuhusu bomu. Alisita, maana akitazama picha za siku ile haoni muziki unaweza kufanya nini pale. Kisha akaona picha ya mwanamke kijana aliyenusurika, anatabasamu, na hapo akakubali. Kazi hiyo iliimbwa na kupigwa Hiroshima kwenyewe Agosti 6, 2001, siku ileile ya kumbukumbu. Sehemu ya mwisho inaitwa Hope, na ikawa desturi yake kufunga maonyesho nayo. Ila kama masikio yangu ni ya kuaminiwa Minamata inabaki juu, kwa sababu ya ile swingi ya kiwandani. Kwenye ile ya Hiroshima anaomboleza na tunaomboleza naye, kwenye Minamata anakufanya ufurahie kwanza.

Kwa kwaya yangu nimeanza kitu. Kuna wimbo wa Pasaka tunao kila mwaka, sauti ya pili imekaa noti moja tangu nilipoupokea kwa mwalimu wangu. Jumatano iliyopita nimewapa mstari mpya, unashuka pale ambapo ya kwanza inapanda, wanakutana katikati. Mama mmoja wa sauti ya pili, ameimba humo tangu mimi niko shule ya msingi, aliniomba turudie mara tatu.

#14 (wa #9, Chunya)

Nimerudi. Jana jioni nilikwenda kwa mjomba na simu na ile spika ya kuchaji. Nilimweleza kwanza habari ya wale wavuvi, ndo nikaweka muziki. Alikaa kimya mwanzo mwisho. Mwanzoni yule mtoto anasemaje?

#15 (mleta uzi)

Anasema: "Kuna kijiji, jina lake Minamata."

#16 (Chunya)

Sawa, nitamwambia. Yeye alipomaliza kusikiliza aliniuliza kitu kimoja tu, wale samaki walikuwa wanaonekana wana ugonjwa, au walikuwa wazuri?

#17 (mleta uzi)

Walikuwa wazuri, ndugu. Mwambie walikuwa wazuri kabisa.